Risiti Safi, Dagaa Wenye Mchanga

Kwa miaka kadhaa nimesimamia stoo ya chakula katika shule moja ya bweni mkoani Kigoma. Kazi hii haifundishwi chuoni. Unapewa kwa barua fupi ya mkuu wa shule, unakabidhiwa funguo na leja, basi, tangu siku hiyo wewe ni mwalimu wa stoo na bado vipindi vyako vinakusubiri darasani. Kupitia stoo hiyo nimeijua serikali kuliko nilivyoijua nikifundisha uraia, na kuna jambo ninaloliamini kwa moyo wote: karatasi zetu za ununuzi zinathibitisha kwamba fedha imetoka na kuna mtu ameipokea. Hazithibitishi kwamba mtoto amekula. Ofisini tumezoea kuyahesabu mambo hayo mawili kuwa ni jambo moja.

Nianze na dagaa, maana ndio mboga yetu.

Mtu aliyekulia Kigoma hafundishwi kuchagua dagaa. Anachota kiganjani, anaangalia rangi, ananusa, anavunja mmoja, anatafuna. Dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja anabaki na rangi ya fedha, anavunjika kwa mlio, na mdomoni hukutani na kitu kigumu. Aliyetandazwa chini ufukweni rangi yake imefifia, na punje za mchanga zimemganda tumboni na machoni. Mvua ikimnyeshea kabla hajakauka anageuka rangi na harufu inabadilika. Huyo hata ukimkaanga na nyanya na vitunguu hajifichi. Pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, utawakuta wote, wa kichanja na wa mchangani, na bei zao hazilingani. Kichanja kinataka miti, wavu na mtaji. Mchanga ni wa bure.

Nyumbani kwangu naongeza hela nachukua wa kichanja. Sifanyi hivyo kwa kujiona nina uwezo, mshahara wa mwalimu unajulikana. Nafanya hivyo kwa sababu wa mchangani unamlipia pamoja na mchanga wake. Kuna siku nilichukua kilo kumi za dagaa wa shule waliotoka kwa mzabuni, nikawamwaga kwenye chekecheo pamoja na wapishi, tukachekecha taratibu, kisha tukapima kilichodondoka. Ulikuwa mchanga na vumbi karibu kilo nzima. Niliubeba kwenye sinia hadi ofisini kwa mkuu wa shule, nikauweka mezani juu ya faili la malipo.

Mkuu aliutazama kwa muda. "Mwalimu, hilo nalijua. Lakini risiti yake iko sawa."

Na kweli ilikuwa sawa. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi wa bweni kilipangiwa shilingi 1,500 kwa siku: uji wa asubuhi, chakula cha mchana, chakula cha usiku, na kuni za kuvipikia. Kwenye fedha nyembamba namna hiyo, sehemu moja ya kumi ya mboga ikiwa mchanga, huo ni wizi. Ila ni wizi ambao hauonekani kwenye leja, kwa sababu leja inaandika kilo kumi, risiti inasema kilo kumi, na mizani ilionyesha kilo kumi.

Kwa nini basi shule iliyo karibu na ziwa isinunue kwa akina mama wa ufukweni wenye dagaa safi? Jibu ni risiti. Mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, ziliingia nchini mwaka 2010, zikianza na wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, baadaye zikawafikia wengine. Taasisi ya umma ikinunua, mhasibu anataka risiti ya mashine, namba ya mlipakodi, na malipo yapitie benki yakiwa yamekatwa kodi ya zuio asilimia 2 ya bidhaa. Mama wa Kibirizi hana mashine. Anachouza kwa mwaka mzima hakifiki kiwango cha kumlazimisha kuwa nayo. Desemba 2018 serikali ilipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, wengi wao walivinunua, wakavivaa shingoni, wakafurahi kwamba sasa hawatabughudhiwa. Kwa hiyo serikali ile ile ilimwambia mama, wewe ni mdogo, uza kwa amani. Kisha ikaniambia mimi mwalimu wa stoo, usinunue kwa mdogo.

Anayeziba pengo hilo ni mzabuni. Ana duka mjini, ana mashine, ana mhuri, ana mtu wa kumwandalia makaratasi. Anamtuma kijana kwenye ufukwe ule ule ninaokwenda mimi Jumamosi, kijana anakusanya wale wa bei ya chini kabisa, wanafungwa kwenye viroba, wanafika shuleni na risiti safi. Bei ya shule inakuwa juu kuliko ya dagaa wa kichanja sokoni. Tunalipa zaidi tupate kilicho duni, na kila hatua ya njia hiyo ni halali.

Mama mmoja ninayenunua kwake dagaa wa nyumbani alinisimamisha siku aliyomwona yule kijana akipakia.

"Mwalimu, hao si wanakwenda kwenu shuleni?"

"Ndio, mama."

"Sasa mbona wewe mwenyewe unakuja kwangu?"

Nilimweleza habari ya mashine na namba ya mlipakodi na benki. Alisikiliza huku mikono inaendelea kupembua dagaa kwenye ungo. Mwisho akasema, "Basi leteni hayo makaratasi tuyajaze. Sisi tumesoma, darasa la saba si mchezo." Niliondoka pale na kilo mbili zangu na fundo moyoni.

Sitaki nieleweke kwamba nataka turudi tulikotoka. Tulikotoka nakujua. Kitabu cha risiti kilinunuliwa dukani na yeyote, kikaandikwa kwa mkono jina lolote na kiasi chochote, na shule ikawa imenunua magunia ambayo hayakuwahi kushushwa. Tulikuwa na manunuzi hewa kama tulivyokuwa na wanafunzi hewa na watumishi hewa. Mashine imefunga mlango huo kwa kiasi kikubwa na mimi nashukuru. Ninachokataa ni kuuona ulinzi wa fedha kama ndiyo kazi yote. Mhasibu anaogopa hoja ya ukaguzi, na ana haki ya kuogopa, hoja inaweza kumtafuna miaka. Lakini katika kukaa kwangu kote kazini sijasikia mhasibu aliyepata hoja kwa sababu dagaa walikuwa na mchanga. Anapata hoja risiti ikikosekana. Basi macho yake yanakwenda huko, na ya mkuu yanafuata, na ya kamati pia.

Kamati yenyewe ipo, na watu wengi hawajui nguvu zake. Kila mzigo unaoingia shuleni unapaswa kupokelewa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, walimu kadhaa wanaoteuliwa kuangalia idadi na ubora kabla ya kusaini. Bila saini zao malipo hayaendi. Nilipokuwa mjumbe yaliletwa maharage jioni, giza linaingia, dereva ana haraka, wapishi wamesimama wanasubiri cha kubandika. Nilifungua gunia la katikati, maana ya juu huwa yamepangwa. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko nikatoa konzi. Punje zilikuwa na vitobo vya duara, nyingine nyepesi kama maganda, na unga mweupe ulibaki kwenye vidole. Nikasema hayapokelewi.

Usiombe kuwa mtu wa kusema neno hilo. Dereva alimpigia mzabuni, mzabuni akampigia mkuu, mkuu akanipigia mimi. Wenzangu wa kamati waliinamisha vichwa. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, watoto watakula nini kesho?" Hilo ndilo swali linalopitisha kila kitu kibovu katika shule za bweni, kwa sababu anayeuliza hana nia mbaya na njaa ya watoto ni ya kweli. Tulikubaliana yapokelewe magunia mawili yaliyokuwa na nafuu, mengine yarudi.

Kisha nikaambiwa niandike dokezo. Niliandika. Lilirudi kwa sababu sikutaja folio, yaani namba ndani ya faili, ya barua iliyotangulia. Nikaandika upya. Likarudi kwa sababu lilielekezwa kwa mkuu moja kwa moja bila kupitia kwa mwenyekiti wa kamati. Likaenda halmashauri, likakaa, likaulizwa kiambatisho. Maharage mengine yalikuja kabla dokezo halijapata jibu, na watoto walikuwa wameshakula ugali na kabichi kwa siku nyingi mfululizo. Kupokea mzigo mbovu kunataka saini. Kuukataa kunataka faili zima. Mtumishi wa kawaida, mwenye vipindi vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha na mtoto wake mgonjwa nyumbani, atachagua saini. Simlaumu. Nalaumu utaratibu uliofanya uaminifu uwe na gharama kubwa kuliko uzembe.

Mwaka 2024 ndio ulionifumbua macho kuhusu mikataba. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Wavuvi wazee wanasimulia mavuno ya zamani ambayo vijana wao hawajawahi kuyaona, na ziwa halina mtu mwingine wa kulitetea isipokuwa sisi tunaolila. Ila nilishuhudia pia wachuuzi waliokuwa na akiba ndogo wakiuza ndoo na nyavu zao za kuanikia mapema kabisa, na naamini sera nzuri inapaswa kumfikiria na mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yule anayenunua ndoo moja alfajiri akauze vifungu mchana. Mwenye boti ana namna ya kusubiri miezi mitatu. Mwenye ungo hana.

Shuleni kwetu, mzabuni alikuwa na mkataba wa bei ya zamani. Dagaa wa Kigoma waliadimika, waliokuwa stoo za wafanyabiashara wakapanda. Yeye akaleta dagaa wa Mwanza. Ni wadogo, samaki wa aina nyingine kabisa, na bei yao iko chini. Wanaliwa na watu wengi na sina neno nao. Lakini tulikuwa tunalipia wa Kigoma. Nikakimbilia mkataba nikiwa na hakika nitamshika. Nilisoma jedwali la bidhaa kwa kidole, mstari kwa mstari. Palikuwa pameandikwa: "Dagaa. Kipimo: kilo." Basi. Hakuna ziwa, hakuna namna ya kukausha, hakuna kiwango cha mchanga, hakuna sampuli. Kurasa nyingi za masharti zilieleza mhuri ukae wapi, na bidhaa yenyewe ilipewa neno moja.

Nikaanza kuyapitia na mengine. Maharage: kilo. Hakuna aina. Mchele: kilo, na mtu yeyote anajua tofauti ya mchele uliojaa chenga na uliochambuliwa. Mafuta ya kupikia: lita. Hili la mafuta linaniuma kwa namna yake, maana Kigoma ndiko kwenye michikichi. Tangu mwaka 2018 serikali imelivalia njuga zao hili. Kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha miche bora, na viongozi wanatukumbusha kila mara kwamba nchi inatumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mafuta ya kula. Wanafunzi wetu wanapita chini ya michikichi kwenda mtoni, kisha wanarudi kula mboga iliyoungwa kwa mafuta yaliyokuja kwa meli na malori. Sababu ninayopewa ina uzito: mawese ya mtaani yanauzwa kwenye chupa zilizokwisha kutumika, hayana lebo wala alama ya ubora, na shule haiwezi kulisha mamia ya watoto kitu ambacho hakijapimwa. Nakubali. Lakini kama taifa linataka tuache kuagiza mafuta, kazi ya kumsaidia mkamuaji mdogo apate kupimwa na kupata lebo ingepaswa kuanzia karibu na mnunuzi wa uhakika kama shule, hospitali na magereza. Miche peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo.

Na mlango wa wadogo upo kwenye sheria. Hilo nililijua kwa kusoma, hakuna aliyeniambia. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nilipouliza kwetu asilimia hiyo iko wapi, niliambiwa makundi hayaombi. Nilipokwenda kwa akina mama, waliniambia hawajawahi kusikia tangazo. Matangazo yapo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, ulioanza kutumika mwaka 2023, na mwenye simu ya batani hawezi kuyasoma.

Tukaamua kujaribu. Akina mama kadhaa wa vichanja, wakiongozwa na yule wa darasa la saba, waliunda kikundi. Kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii walihitaji katiba, muhtasari wa kikao, majina na namba za vitambulisho vya taifa. Wawili walikuwa na namba tu bila kadi, hilo lilipita. Mmoja jina lake kwenye kitambulisho halikulingana na la kadi ya mpiga kura, hilo halikupita, akaenda kuapa mahakamani. Ikafuata namba ya mlipakodi, kisha akaunti ya benki, kisha barua pepe. Barua pepe ilitushinda kuliko yote: kijana wa duka la intaneti aliifungua kwa namba ya simu yake mwenyewe, akahama mji, na msimbo wa kuingilia ukawa unatumwa kwake. Tulianza upya kwa simu ya binti wa mwenyekiti. Mama hakuchoka. Kila alipoambiwa kuna karatasi imepungua, aliuliza inapatikana wapi na ofisi inafungwa saa ngapi, akatia kitenge chake vizuri akaenda.

Wakati huo mimi nilikuwa nahangaika na neno moja la mkataba. Kwenye maandalizi ya zabuni mpya niliomba jedwali la bidhaa liandikwe na watu wa jikoni: wapishi, matroni na mwalimu wa stoo. Tuliandika dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliokaushwa juu ya kichanja, wakavu, wasio na harufu ya kuoza, na kwamba kila mzigo utachekechwa mbele ya dereva na mchanga utatolewa kwenye uzito. Maharage tuliandika aina na kwamba yasiwe yametobolewa. Tuliongeza kwamba sampuli itafungwa kwenye chupa, itawekewa saini za pande zote mbili, na itakaa stoo mwaka mzima. Mhasibu alisoma akaniuliza kama kuna kifungu kinachokataza kuandika hivyo. Hakukuwa nacho. Alisaini.

Bei zilizoletwa zilikuwa juu kidogo kuliko za mwaka uliopita na mkuu akashtuka. Nilimpigia hesabu ya ile kilo ya mchanga kwenye kila kilo kumi, nikaongeza dagaa ambao wapishi walikuwa wanawatupa kwa kuoza. Tofauti karibu yote ikaisha pale mezani. Kikundi cha akina mama hakikuwahi zabuni hiyo, usajili wao ulikamilika imeshafungwa, na hilo limenisikitisha sana. Ila mzabuni aliyeshinda, baada ya viroba vyake vya kwanza kuchekechwa na kukatwa uzito, alimtuma kijana wake kwa yule mama. Sasa ananunua wa kichanja.

Kikao kijacho cha bodi ya shule nimeomba ajenda ya chakula ijadiliwe stoo, wazazi wafungue magunia wenyewe, waonje, walinganishe na chupa za sampuli. Mkuu alisita, akasema ajenda hujadiliwa ukumbini na taarifa husomwa. Mwenyekiti wa bodi, ambaye ni mzee wa Kibirizi na amevua tangu ujana wake, amesema atakuja na ungo wake.